Mafaili yote yamefungwa na kikoba tunavunja mwezi ujao. Nilipe?

Ndugu Mshauri,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Naandika kwa simu kwa sababu kompyuta ndiyo yenye balaa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, na ni mweka hazina wa kikoba chetu cha wanachama 26. Nyumbani tuna kompyuta moja tu, mume wangu aliinunua ya mtumba, nzuri tu, na tunaitumia wote. Mimi naandalia masomo na kuweka hesabu za kikoba: hisa, mikopo, riba, mfuko wa jamii, kila kitu kipo kwenye Excel. Humo humo zimo picha na video za harusi ya binti yetu mkubwa.

Wiki iliyopita kijana wetu wa kidato cha nne alipakua programu ya kuhariri video, ile ya kulipia lakini imekrakiwa, yaani imevunjwa kufuli ili itumike bila kulipa. Maelezo yake yalimtaka azime kwanza kinga ya virusi ndipo aifungue. Akazima. Anasema likatokea dirisha la kuonyesha kwamba Windows inasasishwa, asizime kompyuta. Akaiacha, akachukua simu yake aliyokuwa anairushia intaneti, akaenda mpirani. Aliporudi alikuta kila faili limeongezewa herufi nne mwishoni mwa jina na hakuna linalofunguka. Hakusema neno. Siku mbili alikaa kimya, hadi nilipowasha mwenyewe ili niingize hisa za Jumamosi. Kwa haraka nikachomeka flashi yenye nakala ya hesabu. Nayo ikafungwa palepale.

Kwenye kila folda kuna barua ya Kiingereza inayoitwa _readme.txt. Inasema nilipe dola 980, na nikiwahi ndani ya saa 72 nitapunguziwa hadi 490. Nimeipiga picha, nimekuambatishia. Nilijaribu kufungua tovuti za kinga ya virusi kwa kompyuta hiyo, zote zinagoma, wakati tovuti nyingine zinafunguka vizuri.

Sasa kila mtu ana lake. Shemeji yangu aliyeko Muscat aliwaandikia hao watu, wakamjibu kwamba hata kama muda umepita watapokea 490. Yeye yuko tayari kulipa kwa bitikoini, sisi tumrudishie taratibu. Fundi wa mjini amesema anao ufunguo, anataka laki nne, nusu kwanza. Mume wangu amemnyang'anya kijana simu na hawasemeshani.

Juzi likazuka jingine. Wanachama wawili wamepata ujumbe kutoka Facebook yangu: "Naomba uniazime 150,000 nitarudisha jioni, tuma namba hii, simu yangu ina shida." Mmoja alituma. Mimi sikuandika ujumbe huo. Nimemwambia ni matatizo ya mtandao na nimemrejeshea hela yake mfukoni mwangu.

Mwezi ujao tunavunja kikoba. Nimepanga ninyamaze hadi siku ya mkutano, huenda kufikia hapo mafaili yatakuwa yamerudi. Je, nilipe kwa njia ya shemeji, au nimpe fundi? Na wanachama niwaambie nini?

Mweka Hazina, Tanga

*

Marahaba, mwalimu. Nimekuzidi, tena sana.

Umeuliza maswali matatu, na jambo lililonishtua zaidi ukalitaja mwishoni kama nyongeza: ule ujumbe wa Facebook. Nianzie hapo, kwa sababu mafaili yaliyofungwa yataendelea kufungwa hata kesho, lakini huyo anayeandika kwa jina lako anaweza kuwa anaandika sasa hivi.

Dalili zako zote (barua ya _readme.txt, dola 980 na 490, saa 72, dirisha bandia la Windows, tovuti za kinga kugoma) ni za ukoo mmoja wa programu za utekaji, zile zinazofunga mafaili na kudai malipo, unaoitwa STOP, na tawi lake maarufu ni Djvu, lililoanza kuonekana mwishoni mwa 2018. Ukoo huu hauhangaiki na mabenki wala makampuni makubwa. Windo lake ni kompyuta za nyumbani kama yako, na mlango wake mkubwa ni programu zilizokrakiwa. Na mara nyingi hauji peke yake. Huja na mwizi wa siri, programu kama Azorult, na baadaye Vidar au RedLine. Kazi ya mwizi huyo ni kukusanya nywila zote ulizokubali kivinjari kikutunzie, pamoja na vile vidakuzi vinavyofanya Facebook ikutambue bila kukuuliza nywila tena. Akishazituma kwa bwana wake, kazi imekwisha. Hata ukiichoma moto hiyo kompyuta leo, nywila zako zimeshakwenda.

Kwa hiyo yasome haya ukiwa na simu mkononi, na ile kompyuta iwe imezimwa.

Anza na barua pepe, kwa sababu aliye na barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya ya kila kitu kingine. Badilisha nywila, kisha ondoa vifaa vyote vilivyo kwenye akaunti isipokuwa simu hiyo. Angalia namba ya simu na barua pepe ya akiba kama bado ni zako, na kama kuna mahali barua zako zinapelekwa kwa mtu usiyemjua. Wengi hubadilisha nywila wakaridhika, kumbe mgeni ameshajiwekea namba yake pale kwenye akiba. Halafu washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani akaunti iombe namba ya ziada juu ya nywila. Fuata Facebook kwa mtindo huo huo. Kwenye WhatsApp ingia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa uiondoe kompyuta, kama uliwahi kuiunganisha. Mume na kijana nao wafanye vivyo hivyo, maana mwizi hakuchagua nywila za nani azichukue. Hii ina maana kijana arudishiwe simu yake, angalau kwa jioni moja.

Kama kikoba kina akaunti ya benki na uliwahi kuifungua kwa kompyuta hiyo, usingoje kesho: ipigie benki simu uwaeleze. Na kama ni miongoni mwa wale wanaoandika namba ya siri ya pesa za simu kwenye Excel ili wasisahau (nawajua, mko wengi), ibadilishe kabla hujaendelea kusoma.

Sasa wanachama. Umemwambia yule mama kwamba ni matatizo ya mtandao na umemrejeshea hela yako. Nia ni njema, lakini umewaacha wengine 24 bila onyo, na tapeli sasa ameshajua kwamba kwa jina lako watu wanatuma. Atarudi. Kijana wako alinyamaza siku mbili kwa kuogopa, na kwa sababu ya ukimya huo ukaja kuchomeka flashi yenye nakala pekee ya hesabu, kwa kuwa hukujua. Programu hii hujipangia ratiba ya kujiamsha kila baada ya dakika chache, kwa hiyo chochote kinachochomekwa huliwa. Angesema siku ile ile, flashi ingekuwa salama. Nawe unataka kunyamaza hadi siku ya kuvunja kikoba, siku ambayo fedha nyingi kuliko zote za mwaka zinatoka na kila mtu anasubiri ujumbe wa kumwelekeza atume wapi au apokeeje. Nikiwa tapeli, siku hiyo ndiyo ningeingojea.

Usiwaandikie. Mpigie mwenyekiti na katibu kwa sauti yako, kisha tuma ujumbe wa sauti kwenye kundi: kompyuta yangu imeingiliwa, kuna mtu anatumia jina langu kuomba pesa, msitume kitu chochote kwa ombi lililoandikwa hata kama linaonekana ni langu, na atakayepata ombi anipigie. Waambie pia wasome jina linalotokea kabla ya kuingiza namba ya siri. Yule aliyetuma 150,000 bila shaka aliona jina la mtu asiyemjua, akadhani ni la wakala. Namba iliyopokea fedha hiyo ipelekeni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, kwa ujumbe kwenda 15040, hiyo ndiyo namba ya kuripoti matapeli wa simu. Pigeni pia huduma kwa wateja wa mtandao husika siku hiyo hiyo, maana zikishatolewa kwa wakala hazizuiliki tena. Na nenda polisi ukachukue RB, ile namba ya taarifa iliyoandikwa kituoni. Sikuahidi kwamba mhalifu atakamatwa. Aliyefunga mafaili yako huenda hayuko hata bara hili. RB ni kwa ajili yako, ili hesabu zikija kuhojiwa uwe na karatasi ya kuonyesha kwamba tukio lilitokea na uliliripoti. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusu hata kuingilia kompyuta ya mtu na kuharibu data zake, hivyo asikwambie mtu kaunta kwamba hiyo si kesi.

Hesabu zenyewe zitarudi hata kama lile faili halitafunguka kamwe. Kila mwanachama ana kitabu chake cha hisa, na pesa zilizopita kwenye simu zina taarifa ya miamala unayoweza kuiomba kampuni ya simu. Tafuta pia kwenye simu yako na za viongozi: uliwahi kutuma Excel hiyo kwenye kundi, hata ya miezi mitatu nyuma? Uliwahi kumtumia katibu kwa barua pepe? Ukipata moja ya namna hiyo, iliyobaki ni kazi ya jioni mbili tatu za watu watatu na vitabu vya wanachama mezani. Itachosha, na kuna mikopo miwili mitatu ambayo watu watabishana. Lakini mkianza sasa mtakuwa mmemaliza kabla ya kuvunja. Mkianzia siku ya mkutano, mtavunja urafiki badala ya kikoba.

Nije kwenye malipo.

Shemeji wa Muscat ana moyo mwema na nisingependa aumie. Dola 490 ni zaidi ya milioni moja ya kwetu, na bitikoini ikishatoka haina huduma kwa wateja. Wapo waliolipa wakapata ufunguo, wapo waliolipa wakaombwa nyingine, wapo ambao hawakujibiwa tena. Huko kupunguziwa "hata kama muda umepita" ni lugha ya muuza mitumba anayekuona unaondoka. Halafu kinachouzwa ni ufunguo tu. Nywila zilizoibwa hazirudishwi kwa bei yoyote. Kwa mafaili ambayo nusu yake unaweza kuyapata upya kwa watu, mimi singelipa hata senti. Mtu ambaye maisha ya mgonjwa yamo kwenye hayo mafaili nisingemhukumu akilipa, lakini wewe hujafika huko.

Fundi ananitia wasiwasi zaidi. Ufunguo wa Djvu hautengenezwi na fundi yeyote, wa Tanga wala wa London. Pale programu ilipoweza kuwasiliana na mitambo ya wahalifu, kila kompyuta hupewa ufunguo wake, na ufunguo huo unabaki kwao. Anayedai anao, ama hajui anachokisema, ama ana mpango wa kuwalipa wahalifu kwa pesa yako na kuweka chake juu. Jambo hili si geni: mwaka 2019 waandishi wa shirika la habari la ProPublica walionyesha kwamba kampuni za Marekani zilizojitangaza kuokoa data kwa utaalamu wao zilikuwa zikiwalipa watekaji kimyakimya na kumtoza mteja zaidi. Kama fundi atakwambia "nipe faili moja nikuonyeshe," usishawishike kwa hilo pekee. Isome tena ile barua: wahalifu wenyewe wanajitolea kufungua faili moja bure kama ushahidi. Mtu wa kati anaweza kuwapelekea lako, akakurudishia likiwa limefunguka, nawe ukampa laki mbili za mwanzo ukimwona mganga.

Jihadhari pia na vifunguzi vinavyosambazwa bure mtandaoni kwa jina la Djvu. Juni 2020 ilipatikana programu iliyojiita kifunguzi cha Djvu, kumbe yenyewe ni mtekaji mwingine, Zorab. Mtu aliyeiendesha alifungiwa upya mafaili yaliyokuwa yamefungwa tayari, safari hii kufuli mbili. Kifunguzi halali ninachokijua ni cha kampuni ya Emsisoft, ni cha bure, na kilitolewa Oktoba 2019 kikishughulikia matoleo 148 ya zamani. Kwa matoleo ya baadaye kinafanya kazi kwa baadhi ya watu tu, nitakuambia ni akina nani. Kichukue kwenye tovuti ya Emsisoft yenyewe au kupitia No More Ransom, mradi ulioanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya) na kampuni mbili za usalama wa kompyuta. Kipakue kwa kompyuta nyingine. Yako imegoma kufungua tovuti za aina hiyo kwa sababu Djvu huliandika upya faili dogo la Windows liitwalo hosts, ikaziorodhesha tovuti za kinga ili usizifikie. Ndiyo maana nyingine zote zinafunguka.

Video za harusi zina nafuu usiyoitarajia. Djvu ina haraka: haifungi faili zima, hufunga takriban kilobaiti 150 za mwanzo na kuacha zilizobaki kama zilivyo. Excel yako yote huenda haifiki ukubwa huo, kwa hiyo imeliwa nzima. Lakini video ya dakika ishirini ni megabaiti mamia, na kilichofungwa ni kichwa chake tu. Ipo programu ya bure ya DiskTuner iitwayo Media Repair, inayoweza kujenga upya kichwa cha faili za MP4, MOV, 3GP, MP3 na WAV. Inahitaji uipe video nyingine nzima iliyopigwa kwa kamera ile ile na mipangilio ile ile, iitumie kama kielelezo. Kwa hiyo mtafute mpiga picha wa harusi. Pengine bado anazo zote na hutahitaji ufundi wowote. Kama hana, muombe kipande chochote alichopiga kwa kamera hiyo kipindi kile. Picha za kawaida ni ngumu zaidi, maana programu hiyo haizishughulikii. Hizo zitafute kwenye simu za wageni, kwenye makundi ya WhatsApp ya kamati ya harusi, na kwenye kadi ya kumbukumbu ya kamera au simu iliyozipiga. Kadi ambayo picha zake zilifutwa lakini haijaandikwa juu yake sana, PhotoRec inaweza kuzifufua, nayo ni bure.

Kabla ya kusafisha kompyuta, mafaili yaliyofungwa yanakiliwe kwenye diski ya nje. Usiyafute, na usiyabadilishe majina. Nakili pia ile _readme.txt moja na folda iitwayo SystemID iliyo kwenye diski C. Kazi hii fundi mwaminifu anaweza kukufanyia kwa elfu kadhaa: atoe diski ya kompyuta yako aisome kama ya ziada, au awashe kompyuta kwa Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kutoka kwenye flashi, ili ile programu isipate nafasi ya kuamka.

Baada ya hapo piga Windows upya, kwa kufuta kila kitu. Kusafisha kwa kinga ya virusi na kuendelea kutumia sikushauri, kwa kuwa hujui kilichoachwa nyuma. Hapa kuna mtego mwingine, na ni wa kawaida kwetu kiasi kwamba hatuuoni tena: mafundi wengi wanapiga Windows kutoka flashi waliyoichonga wenyewe, halafu wanaiamsha kwa programu haramu ya kuamshia leseni. Programu hizo nazo ni mlango ule ule alioingilia huyu. Utakuwa umetoa laki nzima kurudi ulipoanzia. Mwambie fundi atumie flashi iliyotengenezwa kwa zana ya Microsoft yenyewe, ya bure, tena mbele yako. Kompyuta nyingi za mtumba zinazotoka maofisini Ulaya na Marekani, kuanzia zama za Windows 8, zina leseni iliyozikwa ndani ya ubao mama. Ukiweka toleo linalolingana, inajiamsha yenyewe ikipata intaneti. Watu wanalipia kuibiwa kitu wanachokimiliki. Na kama kompyuta ina nguvu ya kutosha, nenda moja kwa moja Windows 11, kwa sababu Windows 10 iliondolewa kwenye masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Isipokidhi, Linux Mint (aina mojawapo ya Linux, ya bure) na LibreOffice (programu ya bure badala ya Excel na Word) vinatosha kabisa kwa hesabu za kikoba na maandalio ya masomo.

Ikishasimama, iwe na akaunti tatu. Ya usimamizi nywila yake uijue wewe na mumeo tu, wala msiitumie kila siku. Mbili za kawaida, yenu na ya kijana. Kinga iliyomo ndani ya Windows inatosha, mradi isizimwe. Humo kuna kipengele cha kulinda folda dhidi ya utekaji ambacho huja kikiwa kimezimwa, kiwasheni. Hesabu za kikoba ziwe sehemu mbili zaidi ya kompyuta: moja Google Drive, ambako unaweza kurudi kwenye toleo la faili la siku za nyuma, na nyingine kwenye diski inayochomekwa siku ya mkutano tu, ikimaliza kazi inachomolewa na kukaa kwa katibu.

Nimemwacha kijana mwisho kwa makusudi, nikitaka uje ukiwa umepoa.

Alikosea, ndiyo. Programu yoyote inayokuomba uzime ulinzi ili iingie imeshajieleza. Lakini programu za kuhariri zinauzwa kwa dola na kwa kadi ambayo mtoto wa kidato cha nne hana, na wenzake wote wanatumia za kukraki bila kupata shida, au wamepata shida hawajajua. DaVinci Resolve ina toleo la bure ambalo ni zuri kuliko alichokuwa anatafuta, ingawa linataka kompyuta yenye nguvu. Shotcut ni bure na nyepesi zaidi. Mwonyesheni. Kuna jambo jingine ambalo mumeo anapaswa kulijua kabla ya kesho: kijana huyu ndiye shahidi pekee mliye naye.

Nilisema kifunguzi cha Emsisoft kinasaidia baadhi ya watu. Djvu ikianza kazi hujaribu kuwafikia wahalifu ili ipewe ufunguo maalumu wa kompyuta hiyo. Ikikosa mtandao, hutumia ufunguo uliokuja nao ndani, ambao ni mmoja kwa wote waliopatwa na toleo hilo bila mtandao. Mmoja wao akilipa na kuwapa Emsisoft ufunguo wake, wengine wote wanafunguliwa bure. Kijana alikuwa anarusha intaneti kutoka kwenye simu, akaondoka na simu hiyo kwenda mpirani. Je, aliondoka kabla ya lile dirisha la Windows kutokea, au baada? Bando lilikuwa limebaki? Majibu hayo hayawezi kutoka kwa mtu anayegombezwa. Na kama mtandao ulikatika katikati, inawezekana mafaili mengine yamefungwa kwa ufunguo mmoja na mengine kwa mwingine, hivyo flashi nayo iangaliwe peke yake.

Uthibitisho upo chini kabisa ya _readme.txt, kwenye mstari mrefu wa herufi na tarakimu unaoitwa personal ID, na pia ndani ya faili la PersonalID.txt kwenye ile folda ya SystemID. Mstari huo ukiishia na t1, ni ufunguo wa bila mtandao: jaribu kifunguzi sasa, na kama ufunguo wa toleo lenu haujapatikana bado, hifadhi ile diski ujaribu tena kila baada ya miezi michache. Usipoishia na t1, sahau kufungua Excel na uelekeze nguvu kwenye vitabu vya wanachama. Picha uliyoniambatishia imekatwa chini, mstari wenyewe hauonekani. Uangalie kwenye simu yako kama unayo nzima, kisha niandikie unaishia na nini, pamoja na zile herufi nne.